Nilipie Baiskeli Isiyokwenda?

Mimi nina baiskeli. Nilitaka hilo lieleweke mapema, maana nilipofika mapokezi ya jimu yule kijana alinitazama kama mtu ambaye hajawahi kuona pedali. Akanipitisha ukumbini kwa mbwembwe hadi kwenye baiskeli ishirini na kitu, zimepangwa mstari kama zinangoja kipenga cha mashindano. Hakuna hata moja yenye gurudumu linalogusa chini.

"Zinakwenda wapi?"

"Haziendi, mzee. Zimefungwa."

"Sasa nikikanyaga saa nzima?"

"Kioo kitakuonyesha umekwenda kilomita 30."

Jamani, mimi nikikanyaga kilomita 30 nakuwa nimefika kwa watu. Navutiwa kiti, napewa maji, naulizwa habari za nyumbani. Huyu anataka nikanyage, nitoke jasho, nishuke palepale nilipopandia, halafu nimlipe nauli kila mwezi. Hata basi bovu huwa linasogea kidogo kabla ya kuzimika.

Kilichonipeleka huko ni kabati.

Jirani wa ghorofa ya pili alikuwa anahama. Mtaani mimi najulikana: kila Jumamosi alfajiri natoka na taiti yangu na kofia ngumu, narudi mchana nimeiva kwa jua, watu wanasema "huyu bwana ana mazoezi". Kwa hiyo kabati la milango mitatu lilipokwama kwenye ngazi, amri ikatoka: mwiteni yule wa baiskeli. Nikaja kwa mwendo wa mtu anayejua anahitajika. Nikachagua upande wa chini, upande mzito, huku nikiwaambia vijana wasiwe na wasiwasi.

Tukashuka ngazi tatu. Ya nne, miguu yangu ilikuwa bado inadai twende, lakini mikono ilikuwa imeshajiuzulu bila barua. Vidole vikaanza kufunguka kimoja kimoja. Kiuno kikatoa mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Nikasema kwa heshima zote, "Tulieni kidogo, kuna kitu nataka kukiangalia." Ndipo shangazi yake jirani, mama wa makamo aliyekuwa amebeba sufuria, akaziweka chini akanigusa bega: "Hebu pisha, mwanangu." Akashika palepale nilipokuwa nimeshika mimi, na kabati likashuka hadi chini kana kwamba lilikuwa linamngoja yeye. Mimi nikashushwa cheo. Nikapewa zile sufuria.

Mke wangu aliona yote kutoka dirishani. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Usiku, taa imeshazimwa, ndipo akasema, "Kumbe nguvu zako zote zinakaa miguuni." Nikajifanya nimelala.

Siku tatu shingo haikugeuka. Nikiitwa nageuka mwili mzima, kama kabati lenyewe. Nikakaa na simu kutafuta utetezi, nikaanzia kwa Shirika la Afya Duniani, maana kule nilijua siwezi kuaibika. Mwongozo wao wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nikacheka peke yangu. Dakika 300 mimi nazimaliza Jumamosi moja! Nilikuwa nimeshainuka nikamsomee mke wangu, bahati nzuri macho yakashuka mstari wa chini: pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa, siku mbili au zaidi kwa wiki. Nikawa kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani mapema, akaweka kalamu, akakunja mikono kwa maringo, kumbe karatasi ina nyuma.

Badala ya kuacha hapo, nikaendelea kujichimbia. Baiskeli inajenga mapaja na makalio, inaunoa moyo na mapafu, hilo halina ubishi. Lakini kuanzia kiunoni kwenda juu wewe ni abiria. Kifua abiria, mgongo abiria, mikono kazi yake kushika usukani na kuwapungia wenzako. Na kwa kuwa uzito wako umebebwa na siti, mifupa haipati ule mzigo na mtikisiko unaoilazimisha ijijenge. Watafiti wamewapima waendesha baiskeli wa barabarani wakakuta wengi mifupa ya uti wa mgongo si mizito inavyotarajiwa kwa watu wa mazoezi. Hapo nikanyamaza. Miaka yote nimetoa hela yangu kupunguza uzito wa baiskeli, nikabadilisha usukani, nikabadilisha nguzo ya siti, kila gramu nimeililia. Kumbe na mwili ulikuwa unajaribu kunisaidia, ukaanzia kwenye mifupa.

Nikasoma pia kwamba ukishavuka miaka 30, misuli hupungua kwa kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kila muongo. Nikahesabu miongo yangu, nikafunga simu.

Ndiyo maana nikajikuta mapokezi, kijana ananiita mzee. Na hilo la mzee ndilo dogo. Kocha mwenyewe aliponifikia aliinamisha kichwa akasema, "Shikamoo." Niligeuka nyuma kuangalia anamwamkia nani. Nyuma kulikuwa na kioo.

Akaniwekea siku moja ya majaribio, bure. Kabla ya yote akanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia nipashe mwili moto. Nikiwa juu yake nikakumbuka kitu nilichowahi kukisoma: ule mtambo babu wa mashine hii, yule mhandisi Mwingereza William Cubitt aliutengeneza mwaka 1818 kwa ajili ya wafungwa. Gurudumu kubwa lenye vidato, mfungwa anapanda saa kwa saa na hafiki juu, hadi sheria ya mwaka 1898 ilipouondoa magerezani. Sasa angalia: mwaka mmoja tu kabla yake, 1817, Mjerumani Karl von Drais alikuwa ametoka Mannheim juu ya chombo chake cha magurudumu mawili, hakina hata pedali, anakisukuma kwa miguu, anakwenda zake. Mmoja kabuni namna ya kuondoka, mwenzake kabuni namna ya kubaki palepale. Mimi wa Drais. Nikamwambia kocha kwamba kupasha nimeshapasha, nimekuja na baiskeli.

"Sawa mzee. Twende kwenye skwoti, miguu unayo."

Nikatabasamu. Akanipa chuma kitupu cha kilo 20, bila sahani hata moja, nikamhurumia kwa kutonijua. Shuka, panda. Shuka, panda. Ya nane, mapaja haya yaliyopanda milima kwa gia kubwa yakaanza kutetemeka kama turubai kwenye upepo. Kocha akaeleza kwa upole kwamba kwenye baiskeli goti langu linakunjika kiasi fulani tu, tena kwa nguvu ndogo ndogo mara elfu kadhaa. Kushuka hadi chini na mzigo begani ni ajira nyingine. Kisha planki, yaani unajinyoosha kifudifudi ukiegemea viwiko na ncha za miguu, unatulia hivyo. Dakika ya planki, nawaambia, si dakika hii tunayoijua ya saa. Mimi hupanda mlima dakika 40 nikiwaza mambo ya kazini. Pale chini nilikuwa namwona kocha anaitazama saa nikadhani imekatika betri.

Kilichonishika ni zoezi la mwisho, la kunyanyua chuma kutoka sakafuni. "Sukuma makalio nyuma, mgongo unyooke, nguvu itoke kwenye nyonga." Nikaganda. Hivyo ndivyo alivyoinama yule shangazi! Sijui nani alimfundisha, jimu hajawahi kuiona, lakini umbo lilikuwa lilelile, hata namna ya kuvuta pumzi kabla ya kuinuka.

Nikamtolea kocha hofu yangu kubwa, kwamba nikibeba vyuma nitajaza misuli, halafu mlimani nibebe mwili wa mwanamieleka. Akacheka hadi akakaa. "Mzee, misuli haiji kwa bahati mbaya." Akasema wapo wanaoisaka kwa miaka hawaipati, na kwamba mwendesha baiskeli akinyanyua mzito mara chache chache, miguu inajifunza kutumia nguvu kidogo kwa mwendo uleule. Hilo nilikuja kulithibitisha kwa kusoma; ni kweli limepimwa. Asichosema ni habari ya siku ya pili. Ya kwanza niliamka vizuri, nikajisifu. Ya pili nilikwenda chooni nikiwa mtu huru, nikashindwa kunyanyuka. Jumamosi hiyo baiskeli ilibaki ukutani, kwa sababu mguu ulikataa kuvuka siti. Nimeingia jimu ili niendeshe vizuri zaidi, nikashindwa kabisa kuendesha.

Tuje kwenye fedha. Ada nikaigeuza kwa lugha ninayoielewa, yaani tairi. Nikaona miezi kadhaa ya jimu ni tairi mbili, mnyororo mpya na breki zake. Nikasoma na mkataba. Kuingia ni sahihi moja. Kutoka ni taarifa ya siku thelathini, kwa maandishi, na kiingilio hakirudi. Hapo nikawakumbuka wachumi wawili, Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, waliochapisha mwaka 2006 utafiti wao juu ya wanachama wa jimu huko Marekani. Waliojifunga kulipa kwa mwezi walikuwa wanahudhuria wastani wa mara 4.3 tu kwa mwezi, na kila safari ikawa inawagharimu zaidi kuliko kama wangenunua kadi ya mara 10. Hiyo nukta tatu naijua vizuri: ni mtu amefika mlangoni, akakumbuka hakubeba taulo. Na walioacha kwenda walikuwa wakikaa zaidi ya miezi miwili ndipo wavunje mkataba. Wanalipa, hawaendi, lakini kesho wataenda. Mimi kwenye stoo nina pampu tatu za "kesho nitaitengeneza".

Nikasema basi, sakafu ninayo nyumbani na ni ya bure. Jioni nikalala chini nipige pushapu. Ya kwanza, mtoto akapanda mgongoni, akidhani punda karudi. Ya pili sikuimaliza. Mke wangu akapita, akaniona uso umegusa zulia, akauliza, "Umepoteza nini chini ya kochi?"

Katika kundi letu la baiskeli kuna kaka mmoja ana uanachama wa miaka. Nikamuuliza anabeba kilo ngapi. Akaniambia kitu kizito alichowahi kunyanyua mle ndani ni sabuni. Jimu yake iko jirani na kazini: anafika na baiskeli, anaoga, anavaa, anaingia ofisini ananukia, wakati mimi nikiingia wenzangu wanakumbuka kufungua madirisha. Kwa hesabu yake, ile ni ada ya bafu. Na kwa mtu anayekwenda kazini na baiskeli kila siku, sioni pa kumbishia.

Nikashawishika, nikarudi na baiskeli yangu. Mlinzi akanizuia getini.

"Baiskeli haziruhusiwi ndani, mzee."

"Mbona ndani zipo ishirini?"

"Zile ni za mazoezi."

"Na hii ni ya nini?"

Akafikiri sana, namsifu kwa hilo, kisha akanionyesha bomba la maji ya mvua nyuma ya jengo. Nikaifunga pale. Zile zisizokwenda zimewekewa kipoza hewa na zulia. Yangu, iliyonileta, imeegemea mtaro. Magari yalikuwa na sehemu yao imepigwa rangi, na watu wawili walikuwa wanagombea ile ya karibu na mlango ili wasitembee kwenda kukimbia.

Basi nimeshaamua, kwa shingo upande, na kwa hii shingo si mchezo. Uanachama sichukui. Baiskeli zao sizihitaji, mashine ya kukimbilia wamwachie Cubitt. Ninachohitaji mle ni vyuma, mara mbili kwa wiki, dakika 40, nitoke. Kulipia siku 30 kwa ajili ya hizo ni kununua basi zima kwa sababu unataka siti ya dirishani. Labda miezi ile ya mvua isiyokatika, barabara ikawa tope, nitafikiria tena, mwezi mmoja mmoja, bila kusaini chochote chenye kurasa nyingi. Kwa sasa nimenunua kadi ya mara 10. Kila ukienda wanatoboa tundu.

Jana yule jirani amepiga simu. Kabati limegoma kupita mlango wa nyumba mpya, kwa hiyo anawarudishia ndugu zake, wako ghorofa ya tatu, nao ni jirani zetu. "Si unajua kaka, wewe ndiye mtu wa mazoezi." Nikaitoa kadi mfukoni nikaitazama: matundu matatu.

Nikamuuliza kwanza kama shangazi naye anakuja.