Mwenye Ofisi na Mwenye Watu

Nani hutawala kweli, mwenye cheo au mwenye ushawishi kwa watu? Mkulima wa pamba wa Usukuma, Tanganyika, miaka ile baada ya Vita Kuu ya Pili, hakukosa wakubwa. Alikuwa na mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, juu yake mtemi, yaani chifu, juu ya mtemi Bwana DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni, na kuanzia 1947 wakaongezeka mabwana shamba wa mradi wa maendeleo wa Usukuma na amri zao: lima matuta, punguza ng'ombe, panda muhogo. Wote walikuwa na sheria mkononi na faini walitoza. Ila mkulima huyohuyo akifika sokoni na pamba yake, mnunuzi akachezea mizani, hao wakubwa hawakumfaa kitu.

Paul Bomani alipenya hapo. Hakuwa mtemi wala mtumishi wa Boma. Alikuwa kijana wa ushirika wa wafanyabiashara pale Mwanza. Yeye na wenzake wakawakusanya wakulima, wakaweka wapimaji wao wenyewe penye mizani, na kufikia 1955 vyama vya vijijini vikaungana katika shirikisho la ushirika la Victoria, moja ya makubwa barani. Mtu aliyekuhakikishia ratili zako humwulizi barua ya uteuzi.

Kwa hiyo wanaosema ushawishi ndio uliotawala wana hoja nzito. Serikali ya kikoloni ilikataza TANU, chama cha kudai uhuru, Kanda ya Ziwa tangu 1954, na hata hivyo 1958 ilipolazimisha Geita baraza la watu wa rangi zote, wananchi walikataa na kuandamana hadi Mwanza. Mabomu ya machozi yalipigwa. Mpango haukusimama, na TANU ikaruhusiwa. Watemi ndio walioumia zaidi. Mkoloni aliwapa mshahara na kazi ya kusimamia amri zisizopendwa, heshima waliyorithi ikaliwa na kazi hiyo. Serikali huru ilipofuta utemi 1963, ilitosha sheria ya Bunge.

Ng'ambo ya pili ya Ziwa Victoria, Kenya, mambo yalifanana. Jaramogi Oginga Odinga aliacha umakamu wa rais mwaka 1966, akafungiwa chama na kuwekwa kizuizini mwaka 1969, na bado Kisumu ilimsikiliza yeye kuliko mkuu wa mkoa yeyote.

Lakini mimi sikubaliani na wanaoishia hapo. Ushawishi hauna tarehe ya kwisha. Mzee anayependwa akikosea, unamwondoaje? Hakuna fomu, hakuna rufaa, na anayemhoji huonekana msaliti. Odinga alibaki na watu wake, sawa, lakini pia Nyanza, mkoa wake, ilikaa muda mrefu nje ya meza ya serikali, na bei hiyo hakuilipa peke yake.

Ofisi, pamoja na ubaridi wake, ina mlango wa kutokea. Ushahidi ninaoupenda ni wa Bomani mwenyewe. Mwaka 1965 alikuwa Waziri wa Fedha. Uchaguzi ulikuwa wa chama kimoja, wagombea wawili wa TANU kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine nyumba. Wapiga kura wa Mwanza, watu walewale wa nchi ya pamba, walimwangusha. Si kwamba walisahau mizani. Nadhani walimhukumu kama waziri, jambo ambalo lisingewezekana angebaki kuwa mzee wa ushirika tu. (Anayedhani kura za chama kimoja zilikuwa igizo tupu atueleze hili.)

Kisha Rais Nyerere akamteua kuwa mbunge, akarudi barazani na wizara ya mipango. Hapo hoja zote mbili zinachanganyika. Aliyeanza na watu bila cheo sasa alikuwa na cheo ambacho watu wake walikataa kumpa. Na Nyerere? Januari 1962 aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Kawawa, akaenda kujenga chama, na hakuna aliyejiuliza nchi ni ya nani. Mtu wa namna hiyo akipewa pia kalamu ya kuteua, hukumu ya sanduku la kura la Mwanza inageuka ushauri.