Mtengeneza Migongo Hana Jumapili

Juzi Jumamosi nilikuwa msibani Uru. Tumeshazika, rambirambi zimeshapita, sasa nimekaa zangu kwenye kiti cha plastiki chini ya mgomba, sahani ya pilau iko mapajani. Kabla sijanyanyua kijiko, mzee mmoja akaja akasimama mbele yangu. Hakusalimia. Akanigeuzia mgongo, akapandisha koti na shati mpaka shingoni, akasema, "Hapa hapa, daktari. Bonyeza kidogo tu, sikuchelewishi."

Nikamwambia, "Shikamoo, meku. Njoo Jumatatu ofisini nikupime vizuri."

Akajibu bila kugeuka, "Jumatatu utakuwa umeshapona."

Sasa kama unapona wenyewe, mimi wa nini? Lakini mbele za watu utamkataliaje mzee wa watu aliyeshavua shati? Nikabonyeza. Nilipoinua kichwa, nyuma yake kuna foleni. Watu wanne, na wa mwisho, naomba msinicheke, alikuwa mfiwa mwenyewe.

Pilau ilipoa mpaka ikaganda. Pembeni yangu amekaa Baba Godlisten, jirani yangu wa Soweto hapa Moshi, anauza spea za pikipiki. Akala, akaongeza, akachokonoa meno, akasinzia. Hakuna aliyemsogelea na plagi mkononi akamwambia, "Hebu nitazamie hii." Nilimwonea wivu mtu yule mpaka nikajiombea toba palepale, si tulikuwa bado na mchungaji.

Kazi yangu inaitwa kairopraktiki. Wagiriki ndio waliotuponza na hilo jina, maana yake kutenda kwa mikono. Mzee mmoja wa kanisa aliposikia "kairo" akaniuliza, kwa heshima zote, kama nilipokuwa nasoma kule niliyaona mapiramidi. Nikamweleza kwamba nilisoma Johannesburg, miaka 6 ukihesabu na shahada ya uzamili. Akasikitika. Tangu siku hiyo ananitazama kama mtu aliyekosea basi.

Nikasema basi, tuachane na Kigiriki, tuandike Kiswahili watu waelewe. Nikamlipa fundi achore bango: TIBA YA UTI WA MGONGO. Herufi kubwa, hata aliye kwenye bajaji asome. Wiki haijaisha, kijana akaingia amekunja uso, ana kikopo amekifunga na gazeti. Akakiweka mezani taratibu, akainama, akaninong'oneza, "Daktari, nimeleta mkojo. Unaniwasha hii wiki ya pili."

Nikakitazama kikopo. Nikatazama nje dirishani. Ndipo nilipoliona bango langu kwa macho ya mtu mwenye maumivu na haraka: anasoma TIBA YA UTI, yanayofuata hana habari nayo. Nikamwelekeza maabara. Mpaka leo vikopo vinakuja. Mke wangu anasema badilisha bango. Nitalibadilishaje wakati halijarudisha hela yake?

Nyumbani kwetu nako sijawahi kuheshimika. Mzee wangu ana duka la vyakula Mbuyuni, na duka hilo ndilo lililonisomesha. Niliporudi na vyeti, akaniita nyuma ya magunia ya mchele.

"Miaka sita. Umesomea kukanda?"

"Si kukanda, baba. Ni pingili. Mtu ana pingili 24 zinazocheza: 7 za shingoni, 12 za mgongoni, 5 za kiunoni..."

"Bibi yako hakuzihesabu, na alikanda kata nzima."

Nikaona nimshushie historia. Nikamwambia mwaka 1895, katika mji wa Davenport, Iowa, kule Marekani, bwana mmoja D. D. Palmer alimbonyeza mgongo mfagizi wa jengo alilokuwa na ofisi, Harvey Lillard, mtu aliyekuwa hasikii vizuri. Palmer akatangaza kwamba masikio yamefunguka, na hapo ndipo fani ilipoanzia.

"Huyo alikuwa daktari wa hospitali gani?"

Hapo ningenyamaza. Lakini nimelelewa nisimdanganye baba. "Hakuwa wa hospitali. Aliwahi kuwa na duka la vyakula. Na kuuza samaki wale wa rangi, wa kuwekwa kwenye bakuli."

Mzee akakaa juu ya gunia. "Yaani alitoka dukani akaenda kwenye migongo ya watu."

"Ndiyo, baba."

"Na wewe nimekutoa dukani, ukaenda kwenye migongo ya watu."

"Ndiyo, baba."

"Basi ugonjwa wenu una historia."

Kumbe shangazi alikuwa nyuma ya mzani, na katika hadithi yote aliyoyakamata ni masikio tu. Wiki iliyofuata kaniletea bibi mmoja kiziwi kutoka Kirua. Nikaeleza, tena kwa kupaza sauti, kwamba mimi nashughulika na mgongo, shingo na kiuno. Masikio yana madaktari wake, hospitali ya KCMC hiyo hapo. Yale ya mfagizi ni hadithi ya mwanzilishi, mimi siwezi kuyaahidi. Bibi akanisikiliza kwa tabasamu zuri, akainamisha shingo, akangoja.

Na ule mlio! Ule wa "kaa!" ndio umeniharibia maisha. Si mfupa unaovunjika jamani. Ndani ya kiungo kuna ute, ukikivuta kiungo ghafla gesi inafanya kijiputo humo, basi unasikia sauti. Hakuna zaidi. Tena mgongo unaweza kutulia bila kulia hata kidogo. Nenda kamwambie hivyo mama wa Kiboriloni aliyefunga kibanda chake cha mitumba aje kutibiwa. Nimemaliza kazi, amesimama, anageuka huku na huku bila maumivu, lakini pochi haifunguki. "Mbona haujalia?" Mgongo wa aliyemtangulia ulilia, alisikia mwenyewe akiwa kwenye benchi, na yeye anataka wa kwake. Nilivyochoka siku ile nilivunja vidole vyangu mwenyewe nyuma ya kisogo chake. Akalipa yote, akaniombea baraka.

Nikipanda hiace ndiyo kabisa. Konda ananijua, basi anatangaza kama anauza karanga: "Mvunja mifupa yumo, wenye viuno mkae mbele!" Dereva naye anataka nimshike shingo tukiwa kwenye mwendo, mahali penye kona.

Ila kuna watu sijawahi kuwanung'unikia: wagumu, wale wanaobeba mizigo ya watalii mlimani. Wakiteremka kwa njia ya Mweka wanapita kwangu, wengine hata buti hawajavua. Utaratibu unasema mzigo wa mteja usizidi kilo 20. Shingo zao zinasema mengine. Siku moja niliwapata wawili kwa pamoja: mtalii aliyeumwa bega kwa ajili ya kamera, na mgumu aliyembebea mtalii huyohuyo meza, viti na choo cha kukunja. Mtalii alilia tangu mlangoni. Mgumu alikuwa anacheka, ananiambia, "Mangi, harakisha, kesho napanda tena." Huyo sikumtoza. Nilimtoza mtalii vizuri, ikatosha wote wawili, na sitaki maswali.

Nyumbani ni vilevile. Watu wote wanafikiri nalala kwenye kitanda cha kisayansi. Shemeji zangu wananipigia saa nne usiku wakiwa dukani, wananiuliza wachukue godoro la inchi ngapi. Langu mimi limebonyea katikati kama mtumbwi. Ukilala upande wako, asubuhi mnajikuta wote bondeni. Mama Aika akilalamika mgongo namwambia atulie nimshike, ananijibu kwamba mikono imechoka na wake za watu, hataki makombo. Nitasema nini hapo? Natandika mkeka, nalala chini. Watoto wanaona baba kalala, wananipanda.

Wenyewe walisema mganga hajigangi, nikadhani wanatania.

Mwezi wa kumi na mbili, kama Mchaga yeyote anayejiheshimu, nilipanda Kibosho kihambani, kwenye shamba la ukoo. Mama akasema, "Nishushie ule mkungu wa ndizi, tupike machalari." Kuinua mzigo ndilo somo ninalofundisha kila siku: kunja magoti, mgongo usiupinde, mzigo uwe karibu na kifua. Nimelibandika hata ukutani, na picha. Lakini ndugu zangu wa Dar walikuwa wamesimama pale na mbege mkononi, wananitazama. Unawezaje kukunja magoti kwa mkungu wa ndizi mbele ya watu wa Dar? Nikauinamia wima, nikaunyakua mara moja.

Nikasikia mlio. Huo nawahakikishia haukuwa wa kijiputo.

Nililala chini ya mgomba nikihesabu pingili zangu zote 24 kwa majina. Nikampigia mwenzangu niliyesoma naye, sasa yuko Durban, akacheka kwanza kama dakika mbili nzima kwa vocha yangu, halafu akaniambia, "Ungekunja magoti." Mama hakungoja ushauri wa kimataifa. Akatuma mtoto kilima cha pili, akaja bibi mmoja mfupi, mikono kama ya fundi seremala, ana mafuta ya nyonyo kwenye chupa ya Konyagi. Hakupima, hakuuliza historia ya ugonjwa. Akapiga goti pembeni yangu, akaanza kunichua. Nataka kusema alikosea mahali fulani, kwa heshima ya vyeti vyangu, lakini baada ya robo saa niliweza kugeuza shingo.

"Mwanangu," akaniuliza, "mjini unafanya kazi gani, mgongo ukawa gogo namna hii?"

Nikawaona ndugu zangu wa Dar wamesogea wasikie jibu. Mama kafunika mdomo na kanga. Nikamkumbuka Baba Godlisten na sahani yake ya pilau.

"Nauza spea za pikipiki, bibi."

Mikono yake ikasimama mgongoni kwangu.

"Ee, Mungu mkubwa! Mjukuu wangu ana bodaboda yake hapo njiani, tangu jana inatoa moshi mweupe. Ukishanyanyuka, hebu katutazamie. Kidogo tu, haikuchelewishi."