Dawa ya sumu ya nyoka iwekwe zahanati ya kijijini au ibaki hospitali kubwa?

Kila mtu akifa kwa nyoka kijijini mjadala unaanza upya. Wanakijiji wanauliza kwa hasira kwa nini zahanati ya jirani haikua na dawa, wahusika wa afya wanajibu dawa ipo hospitali kubwa, mgonjwa angewahishwa. Basi hapo kila mtu anamuona mwenzake hajui anachoongea. Mi naona wote wana pointi, ila wanagombania friji ya dawa ikae wapi wakati kinachoamua mtu apone au afe kwa sehemu kubwa ni nani amekaa pembeni yake ile dakika ambayo dripu inafunguliwa.

Tuweke kwanza ukubwa wa tatizo. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu kama milioni 5.4 wanaumwa na nyoka kila mwaka, wanaokufa ni kati ya 81,000 na 138,000, na wanaobaki wamekatwa kiungo au na ulemavu mwingine wa kudumu ni kama mara 3 ya hao waliokufa. Mwaka 2017 ndo tatizo hili likaingizwa kwenye kundi la juu la magonjwa yasiyopewa kipaumbele, jina lenyewe linajieleza. Wengi wao ni wakulima, wachungaji na watoto, yaani watu ambao hospitali kubwa kwao ni safari.

Sasa wanaotaka dawa ikae kijijini hoja yao kubwa ni masaa, na kiukweli ni hoja nzito. Nyoka wa jamii ya koboko na swila wengi sumu yao inakamata mishipa ya fahamu. Utaona mgonjwa kope zinaanza kulegea, anajitahidi kufungua macho hayafunguki vizuri, sauti inabadilika kama mtu aliyelewa, mate yanamshinda kumeza, shingo inashindwa kubeba kichwa, mwisho kifua kinagoma. Hayo yote yanaweza kutokea ndani ya masaa machache tu, halafu unamwambia huyo mtu akae nyuma ya pikipiki nusu siku? Na hii antivenomu (ile dawa inayopitishwa kwenye mshipa kupambana na sumu) inadaka sumu ambayo bado inazunguka kwenye damu. Nyama iliyokwisha kuoza hairudishi, na mishipa ya fahamu iliyokwisha kushikwa mara nyingi haiachii kwa haraka. Ukichelewa umechelewa.

Kuna jambo lingine halisemwi sana. Watu wanakimbilia kwa mganga na jiwe jeusi mara nyingi kwa sababu mganga yuko karibu na hamfukuzi mtu, wakati zahanati wanajua wataandikiwa karatasi ya rufaa tu waendelee na safari. Mtu anajiuliza nipite huko nifate nini? Mganga naye anaonekana fundi mana sio kila nyoka anayeuma anatia sumu, wapo wanaouma bila kutia kabisa, mgonjwa angepona hata angelala tu kwenye mkeka, ila sifa zinaenda kwa jiwe.

Upande wa pili nao usiubeze, mi mwenyewe zamani niliuona kama visingizio vya watu wa ofisini tu mpaka nilipoelewa hii dawa inavyopatikana. Mnyama, mara nyingi farasi, anadungwa sumu kidogo kidogo kwa muda mpaka mwili wake utengeneze kinga, kisha damu inatolewa, kinga inachujwa na kusafishwa. Kwa hiyo unachomwekea mgonjwa ni protini ya mnyama na mwili wake unaweza kuikataa palepale, vipele, kuwashwa, kutapika, presha kuporomoka, koo kubana. Hapo inatakiwa adrenalini, mtu mzima nusu mililita kwenye nyama ya paja, na inatakiwa iwe imeshavutwa kwenye bomba la sindano kabla dripu haijafunguliwa, sio uanze kutafuta funguo ya kabati mgonjwa ameshaanza kukoroma. Nesi yuko peke yake usiku, tochi ya simu mdomoni, hilo nalo mlifikirie.

Halafu kuna hesabu ya vichupa. Mgonjwa mmoja anaweza kuhitaji vingi, na mtoto hapunguziwi dozi kama dawa nyingine mana nyoka hakumpimia mtoto sumu ndogo. Ukigawa vichupa viwiliviwili kwa kila zahanati kila mtu anakua nayo kwenye makaratasi na hakuna hata mmoja anayeweza kutibu mgonjwa mpaka mwisho. Ya maji inataka friji nyuzi 2 mpaka 8 muda wote, ya unga inavumilia kidogo. Na ikiwa zahanati inapata mgonjwa wa nyoka kwa nadra, muda wa dawa unaishia kwenye rafu, mwakani hawaagizi tena. Soko la hii dawa ni bovu hivyo hivyo: Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza Fav-Afrique, moja ya dawa zilizotegemewa sana Afrika, toleo la mwisho likatoka 2014 na likaisha muda Juni 2016.

Na kuna hatari ya kununua dawa isiyo ya nyoka wenu. Antivenomu inafanya kazi kwa sumu ambazo zilitumika kuitengeneza na jamaa zake wa karibu. Ukileta ya nyoka wa bara lingine kwa sababu ni rahisi, umeleta maji ya bei ghali.

Mi ningeamua kwa masaa, cheo cha kituo kisiangaliwe. Kama toka zahanati mpaka hospitali ni safari fupi barabara inapitika mwaka mzima, vichupa virundikwe hospitali na nguvu iende kwenye usafiri. Kule Nepal vijiji viliweka pikipiki za watu wa kujitolea kubeba walioumwa na nyoka, mgonjwa katikati ya dereva na mtu wa kumshika nyuma, pamoja na kuelimisha watu, na vifo vilishuka sana. Ila zahanati ambayo mvua ikinyesha inakatika na dunia, hiyo ipewe dozi kamili ya mgonjwa mmoja, sio vichupa viwili vya kuonyesha wageni. Ipewe na adrenalini, na mfuko wa kupumulia wa kubonyeza kwa mkono, na watu wawili waliofundishwa.

Na hata isiyopewa dawa ina kazi. Kuna kipimo hakihitaji umeme wala maabara, unachukua mililita 2 au 3 za damu ya mgonjwa unaweka kwenye chupa ndogo ya kioo safi na kavu (ya plastiki hapana, na isiwe imeoshwa kwa sabuni), unaiacha imesimama dakika 20 bila kuigusa, unainamisha mara moja. Ikimwagika kama maji ujue sumu imeharibu ugandaji wa damu, na hospitali inapigiwa simu muda huohuo waandae dawa kabla mgonjwa hajafika.

Wengine watafika wamefungwa kamba juu ya jeraha mpaka mguu umekua mweusi. Hiyo nayo haikatwi kwa pupa, mana sumu iliyokua imezuiwa inaweza kuingia mwilini kwa mkupuo, kwa hiyo njia ya dripu iwekwe kwanza, vifaa vya kupumulia viwe mkononi, ndo kamba ilegezwe taratibu.