Picha peke yake hazitoshi kuokoa hati za wakfu

Ndugu mwandishi, umesema hati za wakfu na sijili za makadhi (madaftari ya kumbukumbu za mahakama zao) zikishapigwa picha zimesalimika. La! Anayeamua mgogoro wa nyumba ya Mji Mkongwe hutazama pia mhuri, sahihi za mashahidi na maneno ya pembezoni, na picha mbovu huyapoteza hayo. Adui mkubwa hapa Unguja ni unyevu wa hewa: ukikaa juu ya asilimia 65 kuvu huota, na wino wa chuma, yaani wino wa kale wenye chumvi ya chuma na asidi, huila karatasi mpaka herufi zinatoboka. Tafadhali, msibandike selotepu! Gundi yake hugeuka kahawia, haitoki kwa urahisi. Mpasuko huzibwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, uwe mzito, kwani maji yakizidi husambaza asidi ya wino.