Kalamu nyekundu na paka aliyevyaa

Tuseme mtoto wa darasa la tatu, skuli ya Pemba, kaandika: "Paka wetu kavyaa watuto watatu." Mwalimu anakata maneno mawili kwa wino mwekundu, kavyaa na watuto, kisha anaendelea na daftari jengine. Kwa maoni yangu, hapo katika makosa mawili moja ni la mwalimu.

Kavyaa ina kanuni yake. Ka- mahali pa ame- utaisikia Unguja na Pemba kutwa, na kuvyaa, yaani kuzaa, ndiko kulikotupa mavyaa, mama mkwe, ambaye hata mwalimu mwenyewe anaye nyumbani. Kiunguja cha mjini kiliteuliwa Mombasa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Lahaja nyengine hazikuteuliwa, basi, hazikufeli mtihani. Neno kama hilo lipigiwe mstari wa penseli, na mtoto aliandike kwenye ukurasa wa nyuma wenye safu mbili: kavyaa kwa nyumbani, amezaa kwa mtihani. Ukilikata tu, insha ijayo ataandika "Paka wetu ni mzuri" na kuishia hapo, maana sentensi fupi haikatwi.

Watuto ni jambo jengine kabisa. Mimi sijui lahaja inayosema hivyo. Mtoto aliyeanzia chuoni, kwenye Kurani, kazoea harakati tatu, yaani alama za irabu za Kiarabu: fatha (a), kasra (i) na dhumma (u). Akija kwenye herufi za Kirumi anakuta irabu tano, na ni rahisi o ikaangukia kwenye u, na e kwenye i. Kumwandikisha "watoto" mara 20 hakumsaidii, atajua neno moja tu. Kinachofaa ni imla ya jozi, dakika tano kila asubuhi: choma na chuma, toa na tua, shoka na shuka, peta na pita. Mwalimu atamke neno moja, watoto waandike, kisha wasomeane. Na atamke taratibu bila kulivuta, kwani akilivuta anawapa jawabu.

Najua watu watasema darasa lina watoto 60. Basi zichukuliwe daftari 15 kwa wiki, sentensi tatu za kila mtoto, na mwezi ukiisha wote wamepitiwa. Mwalimu aliyehamishiwa kijiji asichokijua, akikutana na neno geni, aulize kwanza darasani nani mwengine kwao wanasema hivyo. Mikono ikinyanyuka mingi, kalamu nyekundu irudi mfukoni.