Dakika Tano Si Uvivu

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa jimu yetu alikuwa anapima nguvu zake kwenye benchi. Kilo 80 zilipanda bila shida, 90 zikapanda. Akaweka 100, zikakwama juu ya kifua hadi wawili wakamsaidia kuzirudisha. Dakika haijaisha, akalala tena. Nikamwambia apumzike. "Kaka, nikikaa nitapoa," akanijibu. Safari ya pili zikakwama chini zaidi. Akaondoka akiamini kilo 100 bado si zake.

Mimi naamini zilikuwa zake. Alichokosa ni muda wa kupumzika kati ya jaribio na jaribio.

Unaponyanyua mzigo wa mwisho wa uwezo wako kwa sekunde chache, misuli haisubiri hewa unayovuta. Inakula akiba ya nishati iliyomo ndani yake, hasa kemikali iitwayo fosfokreatini, ambayo kwa juhudi kamili hudumu sekunde 10 hivi. Akiba hiyo hurudi kwa kasi mwanzoni, kisha taratibu. Kujaa karibu yote huchukua dakika 3 hadi 5. Ndiyo maana siamini kipimo cha "pumzi imerudi". Pumzi hutangulia, misuli hufuata. Na kwa joto la Dar, hakuna mwili uliokwisha kupashwa moto unaopoa kwa dakika tano!

Najua wapo watakaonipinga kwa utafiti. Mwaka 2003 ulichapishwa mmoja ambapo wanaume 17 waliozoea vyuma walirudia uzito wao wa juu kabisa wa skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani) baada ya kupumzika dakika 1, 3 au 5. Waliofanikiwa walikuwa 13, 16 na 15, na watafiti wakaona tofauti hiyo si kubwa kitakwimu. Sawa. Lakini wale walirudia mara moja uzito waliokwisha kuuweza. Anayejipima hapandi ngazi moja. Anapanda nne au tano, na huenda akakwama njiani. Chuma kilichokwama hukamua kuliko kilichopanda, kwa sababu unakisukuma muda mrefu zaidi na hakiendi popote.

Wengine huiga mashindano ya Olimpiki, ambako mnyanyuaji akiitwa hupewa dakika 1, au 2 ikiwa ndiye aliyenyanyua mara ya mwisho na anaitwa tena. Wasichokiona ni makocha kule nyuma wakibadilisha uzito waliotangaza ili wengine watangulie na mtu wao apate nafasi ya kupumua.

Mimi kwa uzito wa chini napumzika dakika mbili. Nikikaribia kikomo nakaa nne, nikikwama nakaa tano au zaidi, na nikikwama mara mbili nafunga siku. Kupumzika huko kunahitaji ujasiri, maana benchi ni moja na watu watano wamesimama wanakuangalia. Hapo ndipo wengi wanapoharibikiwa: wanaona aibu kukaa. Dawa niliyoiona inafaa ni kujipima wawili wawili wenye nguvu zinazokaribiana. Mwenzako ananyanyua, mnabadilisha uzito, mnamsimamia anayelala, na dakika nne zimepita bila mtu kukununia.

Nimempigia yule kijana. Jumapili saa moja asubuhi, kabla watu hawajajaa, tunarudi kwenye kilo 100. Saa nitaishika mimi.