Shuka la Kimaasai si mali isiyo na mwenyewe

Mwezi Juni 2011, mjini Paris, kampuni ya Louis Vuitton ilionyesha mavazi yake ya wanaume kwa ajili ya majira ya machipuko na kiangazi ya mwaka 2012, na miongoni mwa mavazi hayo yalikuwamo mashali na mashati ya mirabaraba myekundu na ya buluu ambayo Mtanzania au Mkenya yeyote angeyatambua kabla hajaelezwa lolote. Mbunifu wake, Kim Jones, ambaye aliishi sehemu ya utoto wake barani Afrika, hakuficha kwamba chimbuko la kazi hiyo lilikuwa shuka la Kimaasai. Waandishi wa mitindo waliisifu sana. Viongozi wa Wamaasai waliolivalia njuga suala hili wamesema tangu hapo kwamba jamii yao haikuombwa ruhusa wala haikulipwa chochote.

Tangu wakati huo mjadala umekuwa ukirudi kila baada ya muda, na karibu kila mara hugawanyika vilevile. Wapo wanaosema tufurahi kwa sababu kampuni kubwa za Ulaya zinatutangaza, na wapo wanaosema ni wizi wa utamaduni na kwamba mgeni asiruhusiwe kabisa kugusa vazi letu. Mimi siwezi kukubaliana na upande wowote kati ya hizo mbili. Kutangazwa hakumlishi mtu, na kumkataza mgeni asipendezwe na kitu kizuri ni jambo lisilowezekana na lisilofaa. Ninachokitetea ni kitu cha kawaida kabisa katika biashara: anayetaka kupata faida kwa jina au sura ya jamii fulani aiombe ruhusa jamii hiyo, wakubaliane masharti, kisha ailipe.

Wanaodhani kwamba hapa tunazungumzia kitambaa kimoja kilichopita jukwaani siku moja hawajaona ukubwa wa suala lenyewe. Jina la Wamaasai lilitumika kuuza viatu vya MBT, vilivyobuniwa na Mswisi Karl Müller katika miaka ya 1990, ambavyo kirefu cha jina lake ni Masai Barefoot Technology, na matangazo yake yalijengwa juu ya mwendo wa mfugaji anayetembea pekupeku nyikani. Lilitumika pia kwenye toleo maalumu la gari la Freelander la Land Rover. Katika kila bidhaa ya namna hii, mnunuzi analipia kitu kilicho nje ya ngozi, chuma au uzi. Analipia ile picha ya mtu jasiri, mtulivu, mwenye mwendo mrefu na heshima ya asili, na picha hiyo haikutengenezwa na idara yoyote ya masoko, bali na watu walioishi hivyo vizazi kwa vizazi.

Kuna hoja moja ya kupinga ambayo naiheshimu na ambayo watetezi wengi huikimbia. Inasema: shuka lenyewe si la Wamaasai. Ni kweli kwamba kabla ya vitambaa vya dukani kuenea, Wamaasai walivaa ngozi za mifugo zilizopakwa mafuta na udongo mwekundu, na kwamba vitambaa vilifika kwa mikono ya wafanyabiashara, kuanzia merikani ya karne ya 19 hadi blanketi za mirabaraba zilizokuja baadaye. Ni kweli pia kwamba mashuka mengi yanayouzwa leo Arusha, Namanga na Narok yamefumwa viwandani na watu wasio Wamaasai, mengine Uchina, na kwamba hata shanga za kioo ambazo akina mama wa Kimaasai huzitunga kwa ustadi mkubwa zilikuwa zikitoka Ulaya ya Kati.

Lakini hoja hiyo, ukiifuata hadi mwisho wake, inawageukia walioitoa. Pamba haioti Ulaya Kaskazini, na hariri iliyoifanya Lyon isifike duniani ilijifunzwa kutoka mashariki, lakini hakuna anayesema kwamba mavazi ya Kifaransa ni mali ya kila mtu. Waingereza wamekwenda mbali zaidi: Bunge lao lilitunga Sheria ya Harris Tweed ya mwaka 1993, inayoeleza kwamba kitambaa kinachoruhusiwa kuitwa kwa jina hilo ni kile tu kilichofumwa kwa mikono na wakazi wa visiwa vya Outer Hebrides huko Scotland, tena majumbani mwao. Scotland ikaanzisha baadaye daftari rasmi la kuandikisha mirabaraba ya koo zake. Kwa hiyo wazo kwamba jamii ya watu wa kijijini inaweza kuwa na haki juu ya kitambaa na jina lake si wazo geni wala la ajabu huko Ulaya. Ni sheria inayotumika. Wamaasai walichagua rangi, wakaamua lipi livaliwe na nani na lini, wakaunganisha shuka na shanga na mkuki na namna ya kusimama, mpaka dunia nzima ikaweza kuwatambua kwa mbali. Huo ndio ubunifu ninaoutetea, hata kama uzi wenyewe umetoka kwingine.

Pwani tuliwahi kuuona mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliwasilisha maombi ya kusajili neno Kikoy kuwa alama yake ya biashara nchini humo. Kikoi! Vazi ambalo wanaume wa Lamu, Mombasa, Unguja na Mrima wamelivaa tangu enzi za mababu zao. Maombi hayo yangekubaliwa, mfumaji wa Kenya aliyekuwa akisafirisha vikoi kwenda Uingereza angeweza kuzuiwa kuviita vikoi kwenye soko hilo, au angelazimika kulipa apate ruhusa. Taasisi ya Kenya inayosimamia haki za ubunifu, ikisaidiwa na shirika la biashara ya haki la Traidcraft na mawakili waliojitolea, iliweka pingamizi, na kufikia mwaka 2008 maombi yale yalikuwa yamekwama. Tulishinda, ila tulishinda kwa sababu watu wachache walikuwa macho.

Tatizo la msingi liko katika namna sheria za ubunifu zilivyojengwa. Hakimiliki humlinda mtunzi anayejulikana kwa jina, na huisha baada ya miaka kadhaa tangu afariki. Nani atasema mtunzi wa mkufu wa harusi wa Kimaasai alifariki mwaka gani? Usajili wa umbo la bidhaa hudai kwamba umbo hilo liwe jipya, na sifa kuu ya vazi la jadi ni kwamba si jipya. Kwa hiyo sheria inayomlinda mbunifu wa Paris dhidi ya mwigaji wa mtaani ndiyo hiyohiyo inayolitazama shuka na kusema halina mwenyewe. Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, WIPO, limekuwa na kamati ya kulijadili suala hili tangu mwaka 2000, na mkataba uliopatikana Mei 2024 unahusu rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi yanayohusiana nazo. Nakshi, mavazi na mapambo bado yanasubiri.

Hapo ndipo ninapoikumbuka kanga. Yeyote aliyekulia katika nyumba yenye kanga ameona pembeni mwa kitambaa maandishi madogo ya K.H.E., Mali ya Abdulla. Ni alama ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887, na kazi yake ilikuwa kumwambia mnunuzi na mwigaji kwamba mchoro ule una mwenyewe anayejulikana. Soko letu, basi, limejua kwa zaidi ya miaka mia moja kwamba mchoro wa kitambaa ni mali. Kilichokosekana ni kuipa jamii nzima, isiyo na duka wala jina la ukoo mmoja, haki ileile aliyokuwa nayo mfanyabiashara mmoja wa Mombasa.

Wengine wamekwisha kuanza. Mwaka 2015 watu wa Santa María Tlahuitoltepec, kijiji cha Wamixe katika jimbo la Oaxaca, Meksiko, waliiona blauzi yao ya kudarizi ikiuzwa na mbunifu Mfaransa Isabel Marant, wakapaza sauti mpaka dunia ikasikia. Mambo kama hayo yalipojirudia, Waziri wa Utamaduni wa Meksiko akaiandikia rasmi kampuni ya Carolina Herrera mwaka 2019 kuitaka ijieleze, na Januari 2022 nchi hiyo ikawa na sheria inayotambua umiliki wa pamoja wa jamii za asili juu ya kazi zao, yenye adhabu kwa anayezitumia bila idhini. Nchini India, Prada ilipoonyesha mjini Milan, Juni 2025, kandambili zinazofanana kabisa na viatu vya Kolhapuri, mafundi wa Maharashtra walikuwa na silaha mkononi, kwani viatu hivyo vilikwisha kusajiliwa mwaka 2019 kwa jina la mahali vinakotoka. Prada ilikiri chimbuko la viatu vile na kukaa mezani na Wahindi. Kampuni kubwa husikia vizuri zaidi pale mlalamikaji anapokuwa na cheti.

Kwetu, karatasi zipo, utekelezaji ndio haupo. Ibara ya 11 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalitaka Bunge litunge sheria ya kuhakikisha jamii zinalipwa fidia au mirabaha kwa matumizi ya utamaduni wao, na sheria hiyo ikatungwa mwaka 2016. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo haikusahau kazi za jadi. Hata hivyo, ukiwauliza akina mama wanaouza shanga kwenye masoko ya Arusha au Mto wa Mbu ni nani amewahi kulipwa mrabaha, hutapata jina.

Na tusizungumze kana kwamba wakosaji wote wako Paris. Picha ya kijana wa Kimaasai akiruka imo katika matangazo ya hoteli, kampuni za utalii na hata taasisi zetu za umma, na mara nyingi hakuna aliyemuuliza kijana huyo wala wazee wake. Inaniuma zaidi ninapokumbuka kwamba tangu mwaka 2022 familia za Kimaasai zimekuwa zikihamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, huku sura zao zikiendelea kuwavutia watalii kule walikotoka. Siwezi kuidai Louis Vuitton heshima ambayo sisi wenyewe hatuitoi.

Swali gumu kuliko yote ni hili: nani atie saini kwa niaba ya Wamaasai? Wako katika nchi mbili, wana makundi mengi yenye malaigwanan (viongozi wa kimila) wao, na hawana ofisi moja ya kuwakilisha wote. Ole Tialolo wa Kenya na wenzake walijaribu kulijibu kwa kuanzisha Mpango wa Miliki Ubunifu wa Wamaasai, unaojulikana kama MIPI, wakisaidiwa na Ron Layton wa shirika la Light Years IP, aliyekwisha kuisaidia Ethiopia kuzilinda kisheria kahawa za Harar, Sidamo na Yirgacheffe hadi Starbucks ikakubali kuingia mkataba mwaka 2007. Kazi hiyo imekuwa ya polepole, ya kwenda boma kwa boma na kueleza jambo ambalo hata mawakili hulisoma kwa taabu, lakini ilizaa tunda: Koy Clothing, kampuni ndogo ya mavazi ya Uingereza, ilikubali kulipia leseni. Ikiwa duka dogo liliweza, kampuni yenye maduka katika kila jiji kubwa haina kisingizio.

Fainali za AFCON zilizopangwa kufanyika mwaka 2027 zitaandaliwa na Kenya, Uganda na Tanzania, na watengenezaji wa fulana, kofia na zawadi watazitafuta alama za haraka za kutuwakilisha. Shuka na shanga vitakuwa vya kwanza kuchukuliwa. Serikali za nchi zetu zina uwezo wa kuweka sharti kwamba kila mwenye leseni ya bidhaa hizo atakayetumia nakshi za jamii fulani awe na mkataba wa maandishi na jamii hiyo, wenye kiwango cha mrabaha na akaunti ya kupokelea fedha inayokaguliwa hadharani. Ningependa sharti hilo liandikwe sasa, kabla mitambo ya kuchapisha haijawashwa.